Brashi ya kuchaji kwenye ukoga wa chemchemi: kichwa kimoja tu ndicho kilichonikamata

Mwangaluka wana Tabora! Na nyie wa mikoa mingine, habari za asubuhi. Leo niko Cheyo kwa shangazi yangu, na hii hapa nyuma ndiyo chemchemi yake ya mapambo, ya saruji, mabakuli matatu yamepandana. Dogo, sogeza kamera. Sogeza tena. Mnaona ukijani huo? Fundi hakupaka rangi hiyo. Ni mwani, ule ukoga, na ukipitisha kidole, ona, unateleza kama bamia.

Na hii mkononi ndiyo brashi ya kuchaji, kichwa chake kinazungushwa na mota. Habari za volti na mizunguko kwa dakika sisomi, zipo kwenye boksi, na mashine hizi mnazijua. Imekuja na vichwa vinne. Hivi vitatu naviweka chini. Hiki, jamani, hiki kidogo chenye umbo la pia, ndicho kilichonileta hapa.

Tazameni bakuli la juu. Ukingo umechongwa kama ua, na kati ya petali na petali kuna kifereji ambacho hata kidole changu cha mwisho kinaingia kwa shida. Shangazi miaka yote anaparua humo kwa mswaki mkuukuu. Nawasha. Sikandamizi, mnaona? Ukikandamiza, mota inalemewa na kasi inakufa. Unaigusisha tu, inajipeleka. Tope hilo linashuka! Hesabuni na mimi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Dogo, leta kamera karibu waone mpaka kule chini kwenye kona. Saruji kavu, ya kijivu, kama ilivyotoka kwa fundi. Sasa tazameni kifereji cha jirani yake. Ngoja nifanye na hicho, maana najua kuna mtu atasema nimechagua kilicho rahisi. Kimeshikwa zaidi hiki... sekunde kumi hivi. Kimetoka! Nimefurahi, siwezi kuficha.

Kila wiki mnaniuliza kwa nini nisimwage jiki nikalala. Nyuki, ndugu zangu. Mvua bado, madimbwi yamekauka, na jua likipanda kidogo nyuki wanakuja kunywa kwenye ukingo huu huu. Mkoa wetu unakula kwa asali, nitawanyweshaje dawa? Kuna aliyenishauri mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu. Kweli unaua mwani, ila unaua na samaki, na maji yale utayamwaga wapi? Halafu nawasihi: jiki na siki msivichanganye kamwe. Inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Siki naitumia peke yake kutoa ile chokaa nyeupe kwenye pampu, tena pampu ikiwa nje, kwa sababu siki inakula saruji.

Mashine ya presha ya kuoshea magari niliijaribu hapa mwaka jana. Iling'oa rangi na kuchimba maungio, nikamlipia shangazi fundi. Brashi ya waya nayo inakwaruza, na mwani unapenda sana pa kushikia.

Sasa kinachoniudhi. Huu mpira unaofunika tundu la chaji. Naugusa tu, umefunguka! Boksi limeandikwa IPX7, yaani kifaa kivumilie kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa mpira huu sithubutu. Nimeuzungushia utepe, na mtu aliyelipa 72,000 asingepaswa kufika huko. Hiyo ni bei ya Dar, bado nauli ya kifurushi kwenye basi. Hapa mjini nimetajiwa 110,000. Nilikuja nimeamua kuwaambia kwa bei ya hapa msinunue. Lakini kadiri ninavyosugua... mwenye nyumba ya wageni, mwenye chemchemi kubwa, anunue tu. Wewe wa bakuli moja, kama una drili ya kuchaji, tafuta kichwa cha namna hii peke yake, kinapatikana. Ila toa maji yote kwanza, drili haitaki kulowa.

Kabla sijasahau: kuanzia wiki ijayo video zinatoka Alhamisi, Jumamosi nina zamu dukani. Na pampu ya sola mliyoiomba imeshafika.

Shangazi, shikamoo! Anauliza kama ukoga utarudi. Utarudi, shangazi. Maji ya vuguvugu, jua, na haya maua na viembe vichanga vinavyodondoka humu vikaoza: hiyo ni mbolea tosha. Mwembe tusiukate lakini, kivuli chake ndicho kinachopunguza ukoga. Opoa majani kila siku, sponji ya pampu ifuliwe kila wiki, maji yabadilishwe. Haya ya leo hayana dawa, tunayapeleka kwenye matembele.

Dogo, pampu imezama vizuri? Isije ikazunguka kavu ikaungua. Haya, washa. Tazameni yanavyopita kwenye vile vifereji, kila petali na uzi wake wa maji. Na huyo... tulia, usimpunge. Nyuki wa kwanza huyo.