TAHADHARI: Quantum Break ya PS4 inayotangazwa Lubumbashi HAIPO, msitoe pesa

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi wenye PS4 nyumbani. Kuna mtu anazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya mauzo akitangaza diski ya Quantum Break ya PlayStation 4 kwa dola 40. Msimtumie hata franka moja. Gemu hiyo haijawahi kutoka kwa PlayStation, iwe ya 4 au ya 5. Mimi nimeshalipa, nimeshaliwa, na PS4 ya mpwa wangu ndiyo kwanza imetoka kwa fundi. Naeleza yote kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonionyesha mimi mjinga, na yapo mengi.

Mpwa wangu amefaulu exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwaka huu. Nilikuwa nimemwahidi: ukipita, chagua gemu moja, mjomba atalipa. Akachagua Quantum Break, kwa sababu aliona vipande vyake kwa rafiki yake: jamaa anasimamisha wakati, risasi zinaning'inia hewani kama nzi kwenye utando wa buibui, halafu anatembea kati yake bila haraka. Meli kubwa inagonga daraja, na kila kitu kinaganda katikati ya mgongano. Kijana alinisimulia hadithi nzima kwenye taxi-bus tukitoka Katuba, mpaka abiria wa mbele akageuka kusikiliza. Kuna Jack Joyce, anaitwa usiku na rafiki yake Paul Serene kwenye chuo kikuu kimoja aje aone mashine ya kusafiri katika wakati. Jaribio linaharibika, wakati wenyewe unapasuka, na wote wawili wanabaki na nguvu za ajabu. Urafiki unaishia hapo. Mimi si mtu wa gemu lakini nilitaka kujua mwisho wake, nakiri.

Tangazo nililikuta siku mbili baadaye. Picha nzuri kabisa: boksi la bluu la PS4, limewekwa juu ya kitambaa cha kitenge chenye samaki wa njano. Kikumbukeni kitambaa hicho. Chini ameandika "Orijino, Dubai, imebaki moja". Nikauliza kama ni ya PS4 kweli. Akajibu kwa sauti (huyu haandiki mambo ya maana, anatuma sauti, na nyingi anazifuta baada ya saa moja): "Patroni, usiogope, gemu iko bien. Iliondolewa madukani 2023, njo maana haionekani. Nani atakuuzia bei hii?"

Hapo ndipo aliponikamata. Nilitafuta kidogo kwenye simu nikaona kwamba ni kweli, mwaka 2023 Quantum Break iliondolewa kwa muda kwenye maduka ya mtandaoni kwa sababu leseni fulani zilikuwa zimekwisha. Nikasema basi, mtu huyu anajua anachosema. Kumbe alichukua nusu ya habari akaacha nusu. Iliondolewa kwenye maduka ya Xbox (mashine ya gemu ya Microsoft) na ya kompyuta, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa, na baadaye ikarudi. Kwa PlayStation haikuondolewa na mtu, maana haikuwahi kuwekwa. Mega nilizotumia kuthibitisha uongo wake zingenitosha kuthibitisha ukweli, lakini nilikuwa nimeshaona nilichotaka kuona.

Nikamwambia tukutane Carrefour, nione mzigo, nilipe. Akasema mzigo bado uko Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nitume nusu ili amtulize mwenye gari. Nikaenda kwa mama wa kabini, anayetuma pesa kwa simu, nikatuma dola 20. Siku ya tatu, eti duane (forodha) wamekuwa wakali, zinahitajika 15 zaidi. Nikatuma. Siku ya tano akaja kijana wa pikipiki jioni, mvua inaanza kudondoka, injini haijazimwa, ameshika kifurushi kilichozungushwa skochi mara kumi. "Papa, nimetumwa tu, nimpelekee makuta yake." Nikampa 20 za mwisho kabla ya kufungua. Jumla dola 55 kwa kitu cha 40, na bado nilikuwa nashukuru kwamba kimefika.

Sasa nisikilizeni kuhusu boksi, maana wengine mtaliona. Plastiki ni ya kweli, boksi la bluu la zamani. Karatasi ya jalada imechapwa kwa mashine ya kawaida ya ofisini na kukatwa kwa mkasi; upande wa kulia umepungua kiasi cha kuacha mstari mweupe wa unene wa kiberiti. Ule ukanda wa juu wenye alama ya PS4 umebandikwa juu ya picha, ukiupitisha ukucha unasikia ngazi. Na nyuma, chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayesoma, limeachwa jina la Microsoft. Alinakili jalada la Xbox akasahau kufuta jina la mwenye mali.

Lakini hayo niliyaona baadaye. Siku ile kijana alishaingiza diski. Ikaingia nusu, mashine ikaivuta, halafu ikatoa sauti kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Hakuna kilichotokea kwenye skrini. Akabonyeza kuitoa, haitoki. Akabonyeza tena. Haitoki. Akanitazama, mimi nikatazama dirishani.

Fundi wa pale Kenya (wasomaji wa mbali: komine yetu, si nchi) aliifungua mbele yetu. Diski ilikuwa imebandikwa karatasi ya gundi juu, picha ya Quantum Break, na ile karatasi ilipopata joto ikabanduka ikajizungusha kwenye rola zinazovuta diski. Alivyokuwa anaitoa kwa kibanio, kipande kwa kipande, ikaonekana chini yake diski ya mpira, FIFA 15, imekwaruzwa mpaka inang'aa vibaya. Fundi hakushangaa hata kidogo. "Wewe ni wa tatu," akasema, akaendelea kuvuta. Rola moja imebadilishwa, dola 25 za kazi na kifaa. Kwa hiyo kama umeshanunua kwake na hujaingiza diski: usiingize! PS4 huvuta diski kwa rola, haina sahani ya kutoka nje, na karatasi yoyote iliyobandikwa juu ya diski ni hatari kwake hata kama diski ni nzima.

Mngedhani mwizi angetoroka. Hapana. Nilimpigia akapokea mara ya kwanza, akasikitika kuliko mimi. Aliyemuuzia amemdanganya, hata yeye ni mtu wa kuonewa, Mungu anaona. Hawezi kurudisha pesa kwa kuwa zimeshaenda Dubai, ila kwa dola 10 tu atanipa ile ya kompyuta, "orijino, vipindi vyote viko ndani, haiombi mega hata moja." Ndugu zangu, nikatoa. Siwezi kueleza. Nadhani nilitaka hasara iishe kwa kitu fulani mkononi.

Ikaja flashi ya GB 64, na karatasi yenye maelekezo. La kwanza: zima antivirusi. Laptopu ni ya kazi yangu, na nikazima. Gemu ikafunguka. Jack Joyce akatokea na kitambaa cheusi kimeziba jicho moja, kama haramia wa baharini. Mimi nikadhani ndivyo alivyo, labda atakuwa amepigana. Mpwa wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Waliotengeneza gemu waliweka mtego huo makusudi: programu ikihisi kwamba nakala ni ya wizi, inamvisha shujaa kitambaa cha jicho. Studio yenyewe ilikiri jambo hilo gemu ilipotoka. Mtu mwenye jicho moja alikuwa anatangaza kwenye skrini yangu kwamba nimenunua cha kuibwa, na mimi namsubiri ashike bunduki.

Tuliendelea kucheza hata hivyo, kwa ukaidi. Mwisho wa sehemu ya kwanza gemu inakugeuza kuwa Paul Serene, adui, na unachagua kati ya njia mbili. Halafu, kwenye gemu halisi, kinafuata kipindi cha filamu chenye waigizaji wenye nyama na damu, dakika ishirini na kitu, na kinabadilika kulingana na ulichochagua. Viko vinne namna hiyo, na ndivyo vilivyomfanya kijana aitake. Kwetu skrini ikawa nyeusi, ikakaa hivyo kidogo, kisha sehemu ya pili ikaanza. Vipindi vilikuwa vimekatwa vyote ili gemu ienee kwenye flashi. Kwenye Xbox One vipindi hivyo peke yake, ukitaka kuvihifadhi kwenye mashine, ni karibu GB 75. Bila hivyo gemu inavichukua kwenye intaneti kila vinapofika. Kwa hiyo hata wewe mwenye Xbox, ukiambiwa kuna diski ambamo kila kitu kimo na haiombi mega, jua unadanganywa.

Siku mbili baada ya antivirusi kuzimwa, barua pepe yangu ilianza kuwatumia wenzangu wa kazini matangazo ya mikopo ya haraka. Mkubwa wangu alipata tatu. Nikabadilisha maneno ya siri yote, nikafuta laptopu na kuisimika upya. Aliyepokea flashi hiyo afanye vivyo hivyo leo, na kama pesa zenu za simu zimeunganishwa na barua pepe hiyo, anzeni na hapo.

Habari ya kweli ya gemu ni fupi, nami ningeijua mapema ningekuwa bado na dola zangu. Quantum Break imetengenezwa na Remedy, studio ya Ufini, wale waliotengeneza gemu za Max Payne na Alan Wake. Ilitoka Aprili 2016 kwa Xbox One na Windows 10, na Septemba mwaka huohuo ikaingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Basi. Mchapishaji ni Microsoft, na Microsoft ndiye mpinzani wa PlayStation; toleo la PS4 halikutengenezwa, kwa hiyo hakuna njia ya panya ya Dubai wala Johannesburg ambamo lingepitia. Boksi halisi la Xbox One ni la kijani. Mtu akikuonyesha la bluu, mwombe pia akuuzie mayai ya jogoo.

Kuhakikisha ni rahisi mno, inaniuma. Washa PS4 yako, fungua duka lake, andika jina la gemu. Isipotokea, mwulize muuzaji kwa nini. Nilipofanya hivyo hatimaye, tulipata nyingine mbili ambazo zipo kweli kwa PS4: Control ya 2019, ya studio hiyohiyo ya Ufini, ingawa hiyo si ya kuchezea wakati, na Life is Strange ya 2015, iliyotengenezwa na Wafaransa, msichana wa shule anayeweza kurudisha wakati nyuma na kusema tena alichokosea kusema. Mpwa wangu alianza na dharau, eti hakuna bunduki. Sasa yuko kipindi cha tatu kati ya vitano na hataki kuitwa kula.

Namba ya yule mtu sitaibandika hapa, ameshabadilisha mbili tangu nimjue. Aliye na shaka na muuzaji anayezungumza naye aniulize kando tulinganishe. Zaidi ya namba, angalieni tabia: anatuma sauti na kuzifuta, hataki kuonana ana kwa ana hata uwe mita mia kutoka alipo, mzigo wake daima uko Kasumbalesa, na anayeleta ni mtoto wa pikipiki asiyejua chochote. Msimpige huyo mtoto, nawaomba. Mmoja wa wale wengine wawili wa fundi alitaka kumpiga. Kijana anapewa franka zake za safari na kifurushi kilichofungwa, hana habari.

Niliuliza kuhusu kushtaki. Rafiki yangu anayejua mambo hayo alinihesabia nauli, karatasi na siku za kupoteza, tukafika dola 65 kabla hajamaliza, nikamwambia aache.

Jana usiku tangazo limerudi, kikundi kingine, jina jingine. Kitenge ni kilekile, samaki walewale wa njano. Boksi la bluu. Ameandika: "Quantum Break 2, PS4 na PS5, dola 50, imebaki moja."

Hakuna Quantum Break 2. Haijatengenezwa.