Mabasi ya masafa marefu ya Amerika Kusini: tulivyoyapanda mimi na mume wangu kutoka Cartagena hadi Ushuaia

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini: nyota nne kati ya tano. Kama mko wawili, mna muda mwingi kuliko fedha na migongo yenu bado haijaanza kulalamika, hakuna chombo cha kuvukia bara lile kinacholishinda basi. Ila tiketi usinunue kwa jina la kampuni, na usinunue kwa bei. Angalia siti, kisha angalia barabara. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakiamua kama tutashuka tunasemezana au tumenuniana.

Tulianzia Cartagena, pwani ya Kolombia, kwa kuwa hakuna basi la kukutoa Amerika ya Kati na kukufikisha Kolombia. Barabara ya Panamericana inakatika kwenye msitu wa Darién, takribani kilomita 100 kati ya Kolombia na Panama. Kutoka hapo tukateremka Ekuador, Peru, Bolivia, Chile na Argentina, kila mtu na begi lake la mgongoni, miezi kadhaa njiani.

Nianze na siti, maana ndiyo mambo yote. Mabasi makubwa ya Peru, Chile na Argentina mengi ni ya ghorofa. Juu kuna semi cama, siti nne kwa mstari, mbili huku na mbili kule, zinazolala nusu. Chini kuna cama, tatu tu kwa mstari: jozi upande mmoja na ya peke yake upande wa pili. Ni pana, zina pa kuegemeza miguu, na zinalala karibu mgongo wote. Wawili wanaosafiri pamoja wachukue ile jozi na wasibishane. Mume wangu ni mrefu, na kwenye semi cama magoti yake yalikuwa yanagota siti ya mbele usiku kucha. Anayekosa usingizi kwenye basi hakosi peke yake, humkosesha na wa pembeni.

Siti za mbele kabisa ghorofa ya juu zinagombaniwa kwa sababu ya kile kioo kikubwa. Mchana ni sinema ya bure. Usiku siwezi kumshauri mtu: unaona kila lori linalokuja, na jua likichomoza linakupiga usoni kabla hujataka kuamka. Na ukichukua cama ya chini, uliza choo kiko wapi. Kikiwa mita moja kutoka kichwani pako, kulala kwa kiti hakutakusaidia kitu.

Sasa barabara. Kila anayesafiri na begi atakwambia panda basi la usiku, utaokoa fedha za kulala. Mume wangu naye alikuwa muumini wa dini hiyo. Mimi naikataa. Unafika saa kumi na moja alfajiri, chumba unapewa saa nane mchana, na kati ya hapo unalipia chai, keki, chai nyingine, ili tu usifukuzwe kwenye meza. Ukikata tamaa unalipia chumba cha usiku uliopita. Akiba iko wapi? Halafu kuna suala la milima. Kusini mwa Kolombia, kati ya Popayán na Pasto, wenyeji wenyewe walitwambia twende mchana kwa ajili ya usalama, na tulipokwenda mchana tukaona yale mabonde ambayo tungeyalalia. Kwenye Andes mimi nasafiri mchana. Usiku nauacha kwa ajili ya tambarare za Argentina, ambako hata ukikodoa macho utaona nyasi na uzio, basi.

Kolombia beba sweta, na si kwa sababu ya hali ya hewa ya nje. Kiyoyozi kinawashwa utadhani tumepakiwa samaki. Ipiales, mji wa mpakani, kuna daraja la Rumichaca, unavuka kwa miguu, unagonga muhuri pande zote mbili, umeingia Ekuador.

Ekuador ndiko nilikopapenda zaidi kwa mabasi, ingawa mabasi yenyewe ni ya kawaida. Safari ni fupi, nauli ni ndogo, na wanatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna hesabu za kubadilisha fedha. Burudani ni wachuuzi. Anapanda kijana, anasimama karibu na dereva na kutoa hotuba ndefu kuhusu faida ya tangawizi au uchungu wa maisha, kisha anapita akimwekea kila abiria pipi mapajani. Hukuomba. Anafika nyuma, anageuka, anarudi akikusanya: fedha kwa aliyeamua kununua, pipi kwa asiyetaka. Hakuna anayegombezwa. Mume wangu, ambaye hana uwezo wa kurudisha kitu kilichokwisha kuwekwa mapajani, alifika Guayaquil na mfuko uliojaa.

Peru mambo ni rasmi zaidi. Lima haina stendi moja kuu inayobeba kampuni zote. Kubwa nyingi zina stendi zake, kwa hiyo soma vizuri anwani iliyo kwenye tiketi kabla ya kumwambia dereva wa teksi chochote. Mizigo inapimwa na kupewa namba kama uwanja wa ndege. Kabla ya kuondoka, mfanyakazi alipita na kamera ya video akimrekodi kila abiria usoni, siti kwa siti. Ni usalama, ili ijulikane nani yuko ndani. Mle ndani choo ni cha haja ndogo tu, imeandikwa mlangoni na mhudumu anairudia kwa kipaza sauti bila aibu.

Lima hadi Cusco ni kama kilomita 1,100 na zaidi ya saa 20 barabarani. Kuanzia Nazca basi linaanza kupanda, na halishuki mpaka limepita sehemu zilizo juu ya mita 4,000. Kona hazihesabiki. Mifuko ya kutapikia inagawiwa, na inatumika. Kwa njia hii moja nasema wazi: kama mna fedha ya ndege, pandeni ndege, au ikateni safari vipande, mlale Nazca na Abancay. Hapo ndipo pia kampuni moja ilipotuuzia cama na kutuletea basi lenye semi cama tupu. Tukaonyesha tiketi, karani akatuonyesha mabega. Tofauti ya nauli hatukurudishiwa. Tangu hapo mume wangu akawa anapiga picha ramani ya siti pale dirishani wakati wa kununua, na mara moja picha hiyo ilitusaidia.

Bolivia sasa. Ukitaka starehe usije, ukitaka hadithi njoo. Stendi ya La Paz ina wapiga debe wanawake, na sauti zao zina mahadhi: "Oruro, Oruro, Oruroooo!" Ukisimama kidogo tu umeshashikwa begi. Choo cha ndani ya basi mara nyingi kimefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo dereva anasimama gizani kwenye uwanda wa Altiplano, abiria wanateremka kuchimba dawa, na kichaka hakuna hata kimoja. Kina mama wa Kiaymara wenye sketi zao pana za marinda hawana shida: wanachuchumaa tu, sketi inafanya kazi ya ukuta. Mimi na suruali yangu nikabaki nimesimama. Safari iliyofuata nilikuwa na khanga mkononi, nikajifunga juu ya suruali, na mama mmoja akaniangalia na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Blanketi nalo ni la lazima. Mwezi Juni na Julai baridi ya usiku kule hushuka chini ya sifuri, na joto ndani ya basi ni la pumzi zenu.

Kipande ninachokipa nyota zote tano ni Copacabana hadi La Paz, kando ya ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya bahari. Barabara inafika Tiquina, mahali ziwa linapokuwa jembamba, na kuishia majini. Daraja hakuna. Abiria wote wanateremshwa, wanakata tiketi na kupanda mashua ndogo yenye injini. Basi lenyewe, pamoja na mabegi yetu na kila tulichokuwa nacho isipokuwa pasipoti, linaingizwa kwenye jahazi bapa la mbao. Kijana mmoja analisukuma kutoka ukingoni kwa mti mrefu. Kutoka kwenye mashua yetu nililiona likiyumba kushoto na kulia, magurudumu yakikaribia kulamba maji, na dereva amekaa kwenye usukani kana kwamba yuko kwenye foleni ya mataa. Mume wangu hakusema neno mpaka lilipopanda nchi kavu.

Jambo moja la Bolivia mlizingatie kwenye ratiba: bloqueo. Watu wakiwa na dai, wanafunga barabara kwa mawe na matairi, na hakuna basi linalopita mpaka wayamalize na serikali. Msikate tiketi ya ndege ya siku inayofuata mkiwa upande huu.

Kutoka Uyuni tulivuka jangwa la chumvi kwa jipu hadi San Pedro de Atacama, upande wa Chile, kwa hiyo hapo sina basi la kupima. Chile mabasi ni safi, yanaondoka kwa saa, na hayana kisa. Ukipewa mpakani kikaratasi cha PDI, yaani polisi wanaogonga mihuri ya kuingia, kitunze: hoteli nyingi zinamwondolea mgeni ile kodi ya asilimia 19 akikionyesha na kulipa kwa dola au kadi ya nje. Santiago hadi Mendoza, Argentina, mpande mchana tu, mkae upande wenye dirisha, mzihesabu kona za Los Caracoles zinavyopanda kama nyoka mpaka kwenye handaki la mpakani. Majira ya baridi theluji huifunga njia hiyo bila kumwomba mtu radhi.

Argentina ndiko cama inakolipa kila senti. Stendi ya Retiro, Buenos Aires, ni mji mdogo, ina makumi ya majukwaa, na namba ya jukwaa lako inatangazwa dakika za mwisho. Vijana wanaopakia mabegi kwenye buti wanategemea bakshishi, kwa hiyo uwe na noti ndogo. Bei msizikariri: mwaka 2023 mfumuko wa bei ulipita asilimia 200, na nauli uliyosomewa na rafiki yako mwaka juzi ni historia. Kwenda Bariloche ni kilomita 1,600 hivi. Tuliondoka mchana, tukala, taa zikazimwa, tukalala usingizi wa kweli. Dosari ilikuwa filamu: risasi na magari yanayolipuka mpaka karibu saa sita, sauti juu, hakuna wa kumwomba apunguze. Nyota yangu ya tano imeishia hapo.

Kipande cha mwisho, Río Gallegos hadi Ushuaia, kinachosha kwa mihuri. Zote mbili ziko Argentina, lakini barabara inapita Chile, kwa hiyo unatoka Argentina, unaingia Chile, unavuka mlangobahari wa Magellan kwa feri, unatoka Chile na kuingia Argentina tena. Chile hairuhusu matunda, nyama mbichi wala asali kuingia, na ukaguzi si wa mzaha. Kilomita chache kabla ya mpaka basi zima lilikuwa linatafuna: tufaha, ndizi, mikate yenye nyama, kila mtu akimalizia mzigo wake. Kwenye feri mshuke, msibaki ndani ya basi. Upepo unakaribia kukuvua kofia, lakini tuliwaona pomboo weusi kwa weupe wakikimbizana na feri.

Desemba na Januari tiketi za njia hiyo huisha mapema, na siti mbili za pamoja ndizo za kwanza kwisha. Mkizikosa, nunueni za mbalimbali kisha mbembeleze abiria abadilishe. Mzee aliyekuwa amekaa pembeni yangu alikubali kumpisha mume wangu, kwa sharti kwamba apewe ya dirishani.