SUA, chuo nilichokiweka namba tatu

Niliomba chuo mwaka 2013, enzi zile maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na unapanga vyuo kwa namba. Namba moja niliweka udaktari wa binadamu. Namba mbili, udaktari wa binadamu, chuo kingine. Namba tatu nikaweka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa sababu nilikuwa nimesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), na kwa sababu ni karibu na kwetu Gairo. Majibu yalipotoka nikawa nimepangiwa namba tatu, shahada ya Kilimo. Baba aliisoma meseji kwenye simu yangu, akanirudishia simu, akasema, "Nimekutoa shambani kwa jembe, unarudi shambani kwa digrii?" Hakusema lingine siku hiyo.

Naandika haya kwa wadogo zangu mnaojaza fomu sasa, hasa wale ambao SUA mnaiweka chini kabisa kama godoro la kuangukia. Nimesoma pale miaka mitatu, leo ni afisa kilimo, na kuna mambo natamani mtu angeniambia kabla sijafika na begi langu stendi ya Msamvu, Morogoro.

La kwanza, jueni chuo kilikotoka. Pale Morogoro kulianza na chuo cha stashahada ya kilimo mwaka 1965, kikaja kuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, misitu na mifugo vikafuata miaka ya 1970. Tarehe 1 Julai 1984 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu. Jina lake ni la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ni barabara hiyohiyo inayopita kwetu. Mama aliniambia habari ile ilivyotangazwa redioni watu waliacha kuvuna, wakakaa chini. Kwa hiyo kwangu jina lile kwenye geti halikuwa jina tu.

Dhamira ya chuo kwenye vitabu vyao ina mambo matatu: kufundisha, kutafiti, na kuyafikisha maarifa kwa watu. Kila chuo kikuu duniani kinasema hivyo. Mimi nataka kuzungumzia hilo la tatu, maana ndilo lililonibadilisha.

Mwaka wa pili darasa letu lilipelekwa Mgeta. Asiyepajua: unatoka Morogoro mjini, unapita Mzumbe na Mlali, halafu gari linaanza kupanda Uluguru mpaka masikio yanaziba. Juu kule ni baridi, kabichi, viazi na njegere vimepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mtu akidondosha jembe atalifuata bondeni. Sehemu ya kuchungia ng'ombe hakuna. Miaka ya 1980 watu wa SUA wakishirikiana na Wanorwe walipeleka kule mbuzi wa maziwa wa Kinorwe, wakaanza na wakulima wachache. Nilipofika mimi, karibu miaka 30 baadaye, mbuzi wale walikuwa ni wa Mgeta tayari, kama mtu aliyehamia kijijini akaoa, akazaa, akazika.

Bibi mmoja wa pale Nyandira alitukaribisha. Banda lake lilikuwa la mbao, limeinuliwa kutoka chini, sakafu yake ina nafasi za kupitisha kinyesi, na kinyesi kile ndicho mbolea ya kabichi zake. Alimtoa mbuzi mmoja rangi ya majivu, akamwekea majani mbele, akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa, akaanza kukamua. Sauti ya maziwa kwenye sufuria ilikuwa ya juu mwanzoni, ikawa inashuka kadiri sufuria inavyojaa. Alipomaliza alimimina kwenye jagi la plastiki lenye mistari, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililokunjamana pembe. Akaandika tarehe, jina la mbuzi na kiasi cha maziwa. Kurasa nyuma yake zilikuwa zimejaa mistari hiyohiyo, miaka kadhaa. Mhadhiri wetu alimwuliza kwa nini bado anaandika wakati hakuna anayekuja kukagua. Akajibu, "Mwanangu, nisipoandika nitajuaje yupi wa kuuza?"

Nilikuwa nimefundishwa utunzaji wa kumbukumbu za mifugo darasani wiki tatu kabla na nilikuwa nimeukariri kwa ajili ya mtihani. Bibi yule hakuwa na cheti chochote, na alikuwa anafanya uchambuzi wa kuchagua mbegu vizuri kuliko sisi wote tuliosimama na miwani yetu. Kuna mtu wa SUA aliyekwenda pale zamani, akakaa, akarudi tena na tena, mpaka somo likahama kutoka kwenye kitabu likaingia kwenye mikono ya mama wa Kiluguru. Hicho ndicho chuo kikuu cha utafiti ninachokielewa mimi.

Halafu kuna panya. Watu wengi nje ya nchi wanaijua Morogoro kwa sababu ya panya buku kabla hawajasikia kitu kingine chochote. Shirika la APOPO, linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, na mwaka 2000 likahamia Morogoro, kwa sababu SUA tayari ilikuwa na watafiti waliokuwa wakisoma maisha ya panya miaka mingi. Panya aharibuye mahindi ghalani alikuwa tatizo la mkulima, na watu wa SUA walimchukulia kama tatizo la kisayansi. Utaalamu ule ndio uliowavuta wageni. Leo chuo kina kituo cha umahiri cha Afrika kinachohusu panya waharibifu na teknolojia ya kunusa, kilichopata fedha za Benki ya Dunia.

Nilikwenda kuwaona mazoezini, alfajiri, jua halijawa kali. Panya buku ni mkubwa, anakaribia urefu wa paka, ila ni mwepesi, kilo moja na kitu, hawezi kuripua bomu hata akilikanyaga. Wamevalishwa mkanda mwekundu kifuani, wamefungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya wakufunzi wawili. Anatembea huku pua iko chini, ananusa, anageuka, anarudi. Akikuta harufu ya baruti iliyofukiwa anasimama na kukwaruza ardhi. Mkufunzi anabonyeza kidude kinacholia "tik", panya anakimbia kuchukua kipande cha ndizi. Kabla ya kuanza nilimwona mkufunzi akimpaka panya mafuta ya kuzuia jua masikioni, kidogokidogo kwa ncha ya kidole, kama mama anavyompaka mtoto. Nikamwuliza mbona unajisumbua hivyo. Akasema masikio yao ni laini, na huyu ni mfanyakazi mwenzangu.

Panya waliofunzwa Morogoro walisaidia kusafisha Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo yanayojulikana ya mabomu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa palepale SUA mwezi Novemba 2013, mwezi wangu wa kwanza kamili chuoni. Akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu 71 ya ardhini na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, kwa ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Siku ile nilikuwa ofisini na niliwaonyesha wenzangu picha yake, nikasema huyu tulikuwa wote Morogoro. Panya wengine wananusa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu, waliokwisha kupimwa hospitalini: panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20, wale anaowatilia shaka wanapimwa tena maabara, na wapo wagonjwa waliopatikana hivyo baada ya hadubini kuwakosa.

Sasa, utasoma na nani? Hili watu huwa hawaulizi, na ni la maana. SUA ilianza na vitivo vitatu tu: kilimo, misitu na tiba ya wanyama. Siku hizi kuna ndaki na skuli, na masomo yameenea mpaka ualimu, tehama, utalii, lishe, uchumi kilimo, maendeleo vijijini. Kuna kampasi nyingine kule Mpimbwe, Katavi, iliyopewa jina la Mizengo Pinda. Kwa hiyo usidhani utakutana na mabwana shamba watupu.

Darasani kwetu wengi tulikuwa wa PCB na CBG (kemia, biolojia na jiografia), na nusu yetu tulikuwa tumeukosa udaktari, tukanung'unika muhula mzima. Lakini walikuwepo pia kaka na dada waliokuja kwa stashahada, maafisa ugani wa miaka minane, kumi, wameacha watoto nyumbani. Hao ndio walimu wangu wa pili. Mhadhiri akisema "mkulima atapanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30", kaka mmoja kutoka Kigoma ananyoosha mkono na kuuliza, je, kama mkulima anachanganya na maharage? Darasa linaamka. Kwenye uhandisi wa kilimo wasichana walikuwa wachache wa kuhesabika, kwenye lishe na sayansi ya chakula tulijaa. Tiba ya wanyama wanasoma miaka 5, na utawatambua maktaba, ndio wanaozima taa. Ngazi ya uzamili na uzamivu utakutana na Wazambia, Wakongomani, watu wa Msumbiji, hasa kwenye SACIDS, kituo kinachotafiti magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, kilichoasisiwa kwa juhudi za Profesa Mark Rweyemamu. Jirani yangu hosteli alikuwa akifanya utafiti wa virusi vya mifugo, na kwa kumsikiliza tu nilielewa kwamba afya ya ng'ombe wa baba na afya ya baba ni habari moja.

Ukipangiwa kampasi ya Mazimbu, usilalamike kwamba uko mbali na kampasi kuu. Pale palikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, imejengwa kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali yetu mwaka 1977, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waafrika Kusini waliikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Makaburi yao bado yapo, na nendeni mkayaone mkiwa kimya. Wengine waliolala pale walikuwa na umri wenu.

Kuhusu ugumu, sitawadanganya. Kuna sapu, yaani mitihani ya marudio, kuna watu wanadisco, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, lina siku zake na njaa ina siku zake. Buti za mpira nunua mapema. Shamba la mafunzo halijali umesuka nini. Na mafunzo kwa vitendo msikubali kwenda popote tu. Mimi likizo moja nilikwenda kwenye kampuni moja ya pembejeo, nikakaa wiki nane nikinakili namba za mifuko inayotoka na kuingia, nikarudi na daftari lisilo na kitu cha kueleza. Likizo iliyofuata nilichagua mwenyewe kijiji, nikakaa kwa mkulima, nikaamka naye. Ripoti yangu ya pili ndiyo iliyonipatia kazi.

Ningepewa mfumo ule wa TCU leo, ningeiweka SUA namba moja, na udaktari nisiuweke kabisa. Nyumbani tulikuwa tukila matunda ya chuo hiki kabla sijakijua: maharage mekundu ya Rojo, ambayo mama alikuwa akiyatenga mbegu kila mwaka kwenye debe lenye majivu, ni mbegu iliyozalishwa na watafiti wa SUA na kutolewa mwaka 1997. Kabla yake walitoa SUA 90. Nilikutana na jina hilo kwenye lekcha nikampigia mama palepale nje ya ukumbi. Akacheka, akasema, "Kumbe wewe unasoma maharage yangu."

Baba alichukua muda zaidi. Mwaka wangu wa pili kazini nilipanda Mgeta, nikanunua majike wawili wa mbuzi wa maziwa, nikawashusha hadi Gairo na fundi akawajengea banda la kuinuliwa. Nikamwachia daftari la shule na kalamu, nikamwonyesha pa kuandika. Siku hizi simu yake inaingia kabla sijanywa chai. Hasalimii kwanza. Anaanza na lita.