Huduma ya mashahidi kortini, Kisumu na Nakuru: iko sawa, kungoja ndiko kunachosha

Kenya hakuna juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, kama Marekani. Raia huitwa kama shahidi. Samansi (hati ya kukuita kortini) ikikufikia, kabla ya kupanda matatu soma hivi: nambari ya kesi, chumba, na kama ni kutajwa au kusikizwa. Siku ya kutajwa kwa kawaida hupangwa tu tarehe, kwa hivyo mpigie aliyekuita kwanza. Kupuuza samansi ni hatari, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata.

Beba kitambulisho, fika kabla ya saa tatu, tafuta kesi kwenye orodha ya siku. Isipoonekana, muone karani mapema. Mara nyingi faili ndiyo haijaletwa. Kisha unakaa nje hadi uitwe, maana ukisikia ushahidi wa wenzako, wako utatiliwa shaka. Benchi za korido ni ngumu ajabu!

Mkalimani wa Kidholuo ukimhitaji, sema kabla ya kula kiapo. Kesi ya madai, aliyeomba samansi ndiye hulipia nauli yako, na pesa huwekwa kortini mapema. Wengi hawaiulizii.

Makarani nawapa alama nzuri. Uahirishaji, sifuri.