Paneli ya sola ya wati 300 na betri ya lithiamu: maoni yangu

Nilichopenda kwanza ni ukimya. Mitambo ya makaa ya mawe na ya nyuklia huchemsha maji ili mvuke uzungushe mapangaboi. Paneli haina kinachozunguka, mwanga unapiga seli zake, vipande vya silikoni, umeme unatoka. Seli ya silikoni iliyotangazwa Marekani mwaka 1954 iligeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme, za leo zinapita 20.

Ila "wati 300" ni namba ya maabara. Paneli ikipata joto nguvu hushuka, na kivuli cha tawi moja tu kinaikata vibaya. Betri ndiyo iliyonikosha: jokofu dogo linakesha nayo hadi asubuhi. Pasi? Thubutu! Inverta yangu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, inazidiwa na kuzima papo hapo.