Steshenari ya Majengo iliyonitolea kadi ya Boxer

Pikipiki yangu, Boxer, niliinunua Kibaigwa kwa 1,150,000, mkononi mwa mtu aliyeniapia kwamba kadi ya usajili iko nyumbani na angenitumia kwa basi. Hilo basi hadi leo liko njiani. Mimi ni fundi bomba, nashinda hapa Dodoma kati ya Nkuhungu, Kisasa na Ihumwa, na kila trafiki aliponisimamisha nilitoa karatasi ya mauziano ya daftari yenye dole gumba na doa la oili. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka.

Kishoka mmoja, dalali wa vichochoroni wa kushughulikia kadi, alinila 80,000, akaniambia mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, unaikataa namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu, eti niongeze 40,000 aufungue. Nikamwachia Mungu.

Ndipo mteja wangu akanielekeza kwenye steshenari hii. Haina jina, ina ubao tu karibu na soko la Majengo umeandikwa kwa chaki: TRA, NIDA, PASIPOTI SAIZI. Ndani kuna mama mmoja mwenye miwani ya kamba, kompyuta mbili, na printa isiyofanya kazi mpaka ipigwe kofi.

Akaisoma karatasi yangu, akaniuliza, "Baba, hii si ya kufungia maandazi? Pikipiki yenyewe iko wapi?"

Tukatoka nje. Akaniamuru nikunje usukani, akachovya tambara kwenye petroli na kusugua shingo ya fremu mpaka tope jekundu lote likaisha. Akabandika karatasi juu yake, akapitisha penseli ubapa, taratibu, namba zikajichora zenyewe: MD2, kisha nyingine, jumla 17. Akalinganisha na alichoandika yule kishoka.

"Nani kamwambia hii ni O? Chesisi ya namba 17 haina O, haina I, haina Q. Hii ni sifuri."

Akaingiza sifuri. Mfumo uliotaka 40,000 ukafunguka bure.

Jina lililotokea halikuwa la mtu wa Kibaigwa. Na hapa ndipo nilipomheshimu huyu mama, kwa sababu pesa nilikuwa nimeshaitoa mfukoni naye akaisukuma nyuma. Akasema aliyeniuzia hakuwa na cha kuniuzia. Mauziano lazima yatoke kwa mwenye jina kwenye kadi, mkataba ugongwe muhuri wa wakili, na TIN, namba za mlipakodi, ziwepo zote mbili, yake na yangu. "Na omba awe hai. Akiwa marehemu, utaanza na msimamizi wa mirathi."

Alikuwa hai, Manyoni. Nilimpata baada ya kumbana wa Kibaigwa anipe namba ya simu. Mzee alinikaribisha kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanipa maji, halafu akaniwakia: faini tatu za pikipiki, za 10,000 kila moja, zilikuwa zinasoma kwenye namba iliyo kwa jina lake. Mbili zilikuwa zangu, sikubisha. Kadi aliifungua kutoka ndani ya Biblia ya Kigogo. Aliizuia kwa sababu wa Kibaigwa alibakiza deni la 150,000. Tukavutana mpaka 100,000, nikalipa, na faini zote tatu nikalipa. Siku ya pili akapanda basi nami kuja Dodoma kwa wakili, nauli juu yangu.

Kazi ya steshenari baada ya hapo ilikuwa nyepesi. Mama alijaza fomu mtandaoni, akanipa namba ya malipo, nikalipia kwa simu ada ya uhamisho, kadi mpya na ushuru wa stempu, ule wa asilimia 1. Kwake mwenyewe nililipa 15,000.

Nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya foleni: wanafunzi wa chuo wakija kuchapa ripoti zao, wewe wa kadi unasubiri hata kama ulitangulia. Kopi moja 200, na anazihesabu zote, hadi iliyotoka nyeusi kwa makosa ya printa yake. Jina langu pia alilikosea herufi moja. Nilipomwonyesha alinitazama kana kwamba nimejibatiza upya. Akarekebisha lakini.

Kadi ninayo, jina langu, herufi zote. Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, na beba tambara lako. Lile la kwake nimelimaliza.