Hatchi za mkato wa isometriki zimeniponza, programu hii sijui hata niipe nyota ngapi

Naandika bado nina hasira kwaiyo mnivumilie. Ni programu ya kuchorea mashine, jina silitaji, waliolipia leseni ya mwaka kwa yule wakala wa hapa Dodoma wataijua wenyewe. Inataka kompyuta ya aina gani, inafungua mafaili gani, hayo kaangalieni, mi nina jambo moja tu, kile kitufe cha kugeuza mchoro wa mkato (kitu kimekatwa ndani ionekane) uwe isometriki, yani kitu kinaonekana kwa pembe, pande tatu kwa mpigo, na zile hatchi zake, mistari midogo ya mshazari inayojaza sehemu iliyokatwa.

Kazi ilikuwa mashine ya kukamua alizeti ya mzee mmoja wa Singida. Shafti ya parafujo ilikuwa imeliwa upande wa kuingizia mbegu, tukakubaliana shafti mpya na hauzingi mpya, ile nyumba ya chuma inayoshika shafti, yenye bushi ya bronzi ndani, yani kibomba kinachovaa shafti. Bronzi ni laini kuliko shafti, kwaiyo inaliwa bushi, unaitoa unaweka nyingine, shafti inabaki salama. Bila bushi kazi yote haina maana.

Sasa mafundi wetu wa Kizota hapa Dodoma chuma wanakijua kuliko mimi, lakini ukimpa fundi mchoro wa mbele, wa juu, wa pembeni na mkato A-A anakuuliza hii ndo iko upande gani. Simlaumu hata kidogo, mimi nilianzia kuchora kwa mkono, kwenye ubao na tii-skwea na ile seti skwea ya 30 na 60 na ilinichukua muda mrefu mpaka nikaanza kuona kitu ndani ya mistari. Ndo maana nautegemea sana mkato wa isometriki. Unakata robo ya kitu, unaitoa, fundi anaona nje na ndani kwa mpigo mmoja, hauzingi imekaaje, bushi imeanzia wapi, boliti imeingia kiasi gani. Na hapa programu naisifu kutoka moyoni, zamani mchoro kama ule ningeukalia siku mbili, kila duara unalichora yai, hii unabonyeza mara mbili upo.

Ila mkato bila hatchi sahihi ni uongo. Vitu viwili vilivyogusana, kimoja mistari inalala kulia kingine kushoto, au kimoja unaibananisha kingine unaiachanisha, ndo msomaji anajua hivi ni viwili. Shafti na boliti ukizikata kwa urefu huzipigi hatchi kabisa, zinaachwa nzima. Haya yote nilikuwa nimeyaweka kwenye mkato wa kawaida, moja baada ya jingine, bushi mistari ya karibu, hauzingi mistari ya mbali, shafti nyeupe. Nikabonyeza isometriki, ikaja na kila kitu, nikafurahi, nikaenda kulala.

Asubuhi programu ikaomba apdeti nikaikubalia, nikachapa A3 haraka haraka nikampa kijana wa bodaboda apeleke Kizota. Niliangalia vipimo, niliangalia jina la mteja, hatchi za isometriki sikuziangalia kwa sababu jana yake zilikuwa sawa, na ule mkato wa kawaida kwenye karatasi ileile ulikuwa bado sawa kabisa. Kumbe ile isometriki ilikuwa imejirudisha yenyewe, hauzingi na bushi mistari mwelekeo mmoja, nafasi moja, na ule mstari wa mpaka kati yao mwembamba mpaka hauonekani. Tena mistari yenyewe imelala nyuzi 45 za karatasi kama imebandikwa juu, wakati kwenye isometriki hatchi inalala na uso uliokatwa, ile ya 45 kwenye uso wa pembeni unatakiwa uione kama 60.

Siku chache baadaye naenda karakana kwa fundi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mbukwenyi ya Kigogo, ananifunulia gunia. Hauzingi imekerezwa vizuri mno, inang'aa, tundu la shafti limeingia barabara. Na ni chuma kitupu. Bushi hamna. Nikamuuliza mzee, bronzi iko wapi? Akachukua karatasi yangu akaweka kidole cheusi cha grisi palepale kwenye mkato wa isometriki akasema, "Mwanangu, umenichorea chuma kimoja, nimekereza chuma kimoja." Sikuwa na jibu. Kwenye jedwali la vipuri bushi imeandikwa lakini yeye anasoma picha, na picha ilisema hivyo.

Nikawaandikia wakala WhatsApp, nikatuma faili, nikatuma picha ya kabla na ya baada. Akanijibu kijana mmoja baada ya siku mbili, "Dada hilo si tatizo la programu, ni kutojua kutumia, soma mwongozo." Basi. Hata faili sidhani kama alilifungua. Yani mtu hajui nimekula miaka mingapi kwenye michoro, hajui kipande cha chuma kile ni hela ya nani, anakuambia soma mwongozo. Pale ndo nilipoweka nyota moja.

Haki niseme nayo, wiki iliyofuata alinipigia dada mwingine wa ofisi hiyohiyo, mpole, alikaa na mimi kwenye simu karibu saa nzima bando likiisha naongeza. Akanionyesha kwamba hatchi ukiiweka kwenye mchoro inabaki ya mchoro ule tu, isometriki inachukua ya kwake kwenye materio ya kipuri, yani kipuri kimeandikwa ni cha kitu gani, kwaiyo hatchi iwekwe kwenye materio, bronzi ya bushi na chuma cha hauzingi, na shafti iwekewe alama ya kutokatwa kwenye modeli yenyewe. Nimefanya, nimeijaribu, nimefunga nimefungua, zimekaa. Isometriki imetoka nzuri kiasi kwamba mzee aliiangalia mara moja akasema sasa hii naiona, na bushi imeingia.

Kwaiyo nikapandisha nyota zikawa tatu. Halafu jana nikakumbuka, kama ni hivyo kwa nini siku ya kwanza ilinionyesha sahihi? Ingekataa palepale ningejua, imenionyesha sawa usiku ikanigeuka asubuhi bila neno. Nimezishusha zikawa mbili. Chuma nimelipa mimi, mzee wa Singida kasubiri msimu wa kukamua ukiwa umeshaanza.

Leseni yangu inakaribia kuisha. Akinipigia yule dada nitalipia. Akinijibu yule kijana, silipii.